Daftari, kamera, turubai au lino: njia ipi ya sanaa inaifaa safari yako ya misheni?

Anayejiandaa kwa safari ya misheni nchi ya mbali, huku akijua kwamba akirudi atataka kuitolea kazi ya sanaa, hukwama mapema kuliko anavyotarajia. Hakwami kwenye kipaji wala kwenye mada. Hukwama mbele ya begi lililo wazi, akijiuliza kama abebe rangi za maji, kamera, au asibebe chochote na kuyaacha yote mpaka atakaporudi kwenye chumba chake cha kazi. Swali hilo linaonekana la vifaa tu, lakini sivyo. Kila njia humweka msanii mahali tofauti mbele ya watu waliompokea: moja humketisha kati yao, nyingine humficha nyuma ya kioo, nyingine humruhusu kuwachora wakiwa hawapo, na nyingine humwezesha kuwakabidhi kifaa wachore wenyewe. Ulinganisho huu umeandikwa kwa kuzingatia tofauti hiyo zaidi ya tofauti ya rangi na karatasi.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni muda na mzigo. Safari ya misheni si likizo ya mchoraji. Siku hujaa ibada, semina, kazi ya ujenzi au zahanati, na mikutano isiyokwisha kwa saa iliyopangwa. Sanaa hupata mabaki ya muda, na kifaa kisichoweza kuishi kwa mabaki hayo hurudi nyumbani kikiwa hakijafunguliwa.

Cha pili, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vingine vyote, ni nafasi ya mwenyeji. Je, anajua kwamba anachorwa au anapigwa picha? Anaweza kuiona kazi, kuisahihisha, au kuikataa? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tunapaswa kujiuliza kwa unyofu ni nani hasa anayepona picha ya mwenyeji inapotundikwa ukumbini mwa watu asiowajua.

Cha tatu ni kudumu kwa kazi, na cha nne ni uwezo wake wa kuenea, yaani kama itabaki moja ukutani au itapata nakala za kugawa kwa wenyeji, kwa kanisa lililokutuma na kwa waliokuchangia. Gharama sikuiweka kati ya vigezo kwa sababu kila moja ya njia hizi ina namna yake ya bei ndogo na namna yake ya kufilisi.

Daftari la michoro na rangi za maji

*Muda na mzigo.* Hakuna njia inayobebeka kama hii isipokuwa kamera. Daftari dogo, penseli, kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji, kisanduku cha rangi kavu za vidonge na brashi moja au mbili hutosha, na vyote huingia kwenye mfuko wa koti. Chagua karatasi nzito, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, kwa kuwa nyepesi hujikunja mara inapolowa. Mchoro wa dakika kumi na tano ni mchoro kamili. Kinachosumbua ni hali ya hewa: penye joto kavu rangi hukauka kabla hujaisambaza na kuacha kingo kali, na penye unyevunyevu ukurasa hukawia kukauka hata ukaufunga kwa haraka na kuuharibu wa upande wa pili.

*Nafasi ya mwenyeji.* Hapa ndipo daftari linapopita njia nyingine, kwa sababu haliwezi kufanya kazi kwa siri. Ukikaa kwenye benchi na kulifungua, haupiti muda watoto wamekuzunguka, mmoja ameinama mpaka kivuli chake kimefunika karatasi. Niliwahi kuchora kanisa dogo lenye paa la bati, mzee mmoja wa usharika akasimama nyuma yangu kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akahesabu madirisha kwenye karatasi yangu kwa ncha ya kidole, akahesabu ya ukutani, akanijulisha kwamba nimesahau moja, tena lile lililochangiwa na kina mama. Nikaliongeza. Kamera ingelinasa dirisha hilo bila shida, lakini nisingejua ni la nani.

Mfano mkubwa wa njia hii ni Lilias Trotter, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1853, ambaye mhakiki wa sanaa John Ruskin alimwona kuwa na kipaji cha kumfikisha mbali kama angeutoa muda wake wote kwa uchoraji. Aliamua vingine. Baada ya kukataliwa na chama cha umisionari kwa sababu ya afya yake, alikwenda Algeria mwaka 1888 pamoja na wenzake wawili kwa njia zao wenyewe, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1928. Kwa miaka hiyo alijaza shajara zake kwa michoro midogo ya rangi za maji, milango, mimea, nyuso na anga la jangwa, vingi vikiwa vidogo kiasi cha kufunikwa na kiganja. Uchoraji haukuwa kazi yake ya pili baada ya misheni. Ulikuwa namna yake ya kuitazama nchi aliyoingia.

*Kudumu.* Rangi za maji ni dhaifu mbele ya mwanga, na baadhi, kama nyekundu ya alizarini ya asili, hufifia upesi. Soma alama ya uimara kwenye lebo kabla ya kununua. Hata hivyo daftari hufungwa, na giza la ndani yake ni hifadhi nzuri. Adui wake halisi ni kuvu, kwa hiyo usilifungie kwenye mfuko wa plastiki likiwa na unyevu.

*Kuenea.* Ni kazi moja, ndogo, isiyopendeza kutundikwa ukumbini. Inaweza kuchanganuliwa kwa skana na kuchapishwa kama kadi au kijitabu, lakini asili yake inabaki kuwa kitu cha kushikwa mkononi na watu wawili walioketi karibu.

*Humfaa nani.* Humfaa anayekaa mahali pamoja kwa siku kadhaa na asiyeona haya kuchora vibaya mbele ya watu. Asiyeweza kuvumilia kutazamwa ataumia.

Kamera

*Muda na mzigo.* Sekunde moja, na siku hizi kifaa tayari kiko mfukoni. Kwa ratiba iliyobana hakuna mshindani. Mzigo wake huja baadaye: picha elfu mbili zisizo na majina, ambazo baada ya miezi sita hata mpigaji hakumbuki ni za kijiji kipi.

*Nafasi ya mwenyeji.* Wepesi ule ule ndio hatari yake. Picha inaweza kuchukuliwa kabla mtu hajageuka, na mgonjwa kitandani au mtoto aliyekuja kupokea msaada hayuko katika hali ya kumkatalia mgeni aliyeleta dawa. Ridhaa ya kweli huombwa kwa lugha anayoielewa mhusika, akiwa ameambiwa picha itaonekana wapi na kwa nini, na kwa mtoto huombwa kwa mzazi au mlezi. Afadhali pia mhusika aoneshwe picha yenyewe papo hapo na apewe nafasi ya kusema ifutwe.

Si haki, hata hivyo, kuihukumu kamera kwa makosa yake peke yake. Mmisionari Alice Seeley Harris aliwasili na mumewe mwaka 1898 katika Kongo iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1904 alimpiga picha baba aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, ndivyo vilivyosalia baada ya mtoto kuuawa na walinzi wa kampuni ya kukusanya utomvu wa mpira. Baba mwenyewe ndiye aliyevileta misheni ili vionekane. Picha hizo zilioneshwa kwa taa ya slaidi katika mikutano mingi Uingereza na Marekani, zikawa sehemu ya shinikizo lililomfanya Leopold aiachie Kongo mwaka 1908, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Mchoro wa penseli wa tukio lile, hata ungekuwa mzuri namna gani, ungeweza kukanushwa kwamba ni ubunifu.

*Kudumu.* Faili halififii, lakini hupotea lote kwa mara moja. Weka nakala mbili mahali tofauti, na uandike jina, tarehe na mahali jioni ile ile.

*Kuenea.* Haina kikomo, na picha ikishatoka mkononi hairudi. Anayetaka kazi yake iwe sanaa badala ya taarifa atalazimika kufanya kile ambacho kamera haimlazimishi: kuchagua picha kumi na mbili na kuziacha nyingine zote.

*Humfaa nani.* Anayeshuhudia jambo linalohitaji ushahidi, mwenye ratiba isiyompa pumzi, na yule anayekusanya malighafi za kuchorea baadaye, mradi asiwaambie wenyeji kwamba anapiga kumbukumbu tu ilhali anapanga maonesho.

Turubai: rangi za mafuta au akriliki

*Muda na mzigo.* Hii ni kazi ya baada ya safari. Tapentaini huwaka upesi na hairuhusiwi ndani ya ndege, turubai iliyotandazwa haikunjiki, na rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa kukauka hata kwa kuguswa tu. Akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka kwa dakika, hivyo mwenye kukaa miezi mingi mahali pamoja anaweza kuitumia huko huko. Kwa wengine wote, kinachosafiri ni kumbukumbu: michoro ya haraka, maelezo ya rangi yaliyoandikwa pembeni ya ukurasa, picha za kivuli na mwanga.

*Nafasi ya mwenyeji.* Hayupo. Mchoraji yuko chumbani kwake, anapanga watu upya, anahamisha mti, anachukua uso wa mmoja na kuuweka kwenye mwili wa mwingine. Uhuru huo ndio nguvu ya turubai na ndio pia mlango wa uongo, kwa kuwa ni rahisi mno kuchora "mwanakijiji" asiyekuwapo, mwenye huzuni ya kutosha kuwagusa wachangiaji. Njia moja ya kujizuia ni kutuma picha ya rasimu kwa wenyeji kabla ya tabaka la mwisho na kukubali kwamba majibu yanaweza kuharibu mpangilio uliokupendeza.

Uhuru huo ukitumiwa vizuri huzaa kitu ambacho daftari haliwezi. Henry Ossawa Tanner, mchoraji Mmarekani mweusi na mwana wa askofu wa kanisa la African Methodist Episcopal, alisafiri Misri na Palestina mwaka 1897, si kama mmisionari bali kama mchoraji wa Biblia aliyetaka kuona nchi ile kwa macho yake. Mwaka uliofuata alichora tukio la Mariamu kupashwa habari na malaika, kazi iliyomo katika jumba la sanaa la Philadelphia. Mariamu ni msichana wa kawaida, ameketi ukingoni mwa kitanda kilichovurugika, hana taji wala vazi la buluu lililozoeleka, na malaika hana mabawa: ni nguzo ya mwanga tu. Vitambaa vya ukutani na kitandani na zulia lililokunjamana sakafuni vinasomeka kama vitu vilivyoonwa, na mwanga unasomeka kama kitu kilichoaminiwa. Ilihitajika turubai kubwa na miezi ya kufikiri ili viwili hivyo vikae chumba kimoja.

*Kudumu.* Ndiyo imara kuliko zote, ikiwa kanuni zitafuatwa: tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo hupasuka, na vanishi ya mwisho isubiri miezi sita au hata mwaka. Akriliki haina masharti hayo mengi.

*Kuenea.* Ni moja, kubwa, ya ukutani, na mara nyingi hubaki upande wa aliyesafiri, si wa aliyetembelewa.

*Humfaa nani.* Mwenye subira, aliyerudi na swali ambalo bado halijatulia ndani yake, na mwenye mahali pa kuitundika ambapo watu watakaa mbele yake.

Chapa ya lino

*Muda na mzigo.* Chapa ya lino ni picha inayotolewa kwa kuchonga kipande cha linoliamu, kukipaka wino na kukigandamizia karatasi. Linoliamu hutengenezwa kwa mafuta ya kitani, unga wa magome ya koki na utomvu vilivyoshindiliwa juu ya kitambaa cha juti. Kipande cha ukubwa wa ukurasa ni chepesi, vipatasi vyenye ncha ya V na U huingia kwenye kasha la penseli (lakini si kwenye begi la mkononi la ndege), na chapa inaweza kupigwa kwa mgongo wa kijiko bila mashine yoyote. Lino iliyopoa huwa ngumu. Iache juani kidogo, italainika kama jibini. Kuchonga hula saa nyingi, ila ni saa unazoweza kuzikatakata: ukiitwa, unaweka kipatasi chini, na hakuna rangi inayokauka ikikungoja.

Kitu kimoja humshinda kila anayeanza. Chapa hutoka kinyume, kushoto ikiwa kulia, na maandishi lazima yachongwe kama yanavyoonekana kwenye kioo. Kipande changu cha kwanza nilikichonga neno AMANI kwa mkao wa kawaida, nikapaka wino, nikasugua kijiko, nikabandua karatasi mbele ya watu sita waliokuwa wakingoja. Ikasomeka INAMA, herufi N ikiwa imepinduka. Tulicheka mpaka machozi, kisha tukainama kweli na kuanza upya.

*Nafasi ya mwenyeji.* Simulizi hiyo ina watu sita kwa sababu lino hualika mikono mingine. Hahitajiki mtu aliyesomea uchoraji. Kinachochongwa huwa cheupe, kinachoachwa huwa cheusi, na anayejua kuchonga mwiko au fimbo tayari ana nusu ya ufundi. Historia inayo hoja nzito zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1960, mume na mke kutoka Sweden, Peder na Ulla Gowenius, walitumwa na kanisa lao Afrika Kusini, na kituo cha sanaa na ufundi cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri walichokianzisha kikapata makao Rorke's Drift. Wasafiri walikuwa wao, lakini sanaa tunayoikumbuka leo ni ya wenyeji. Azaria Mbatha (1941–2018) aligawa lino katika vyumba vidogo na kusimulia ndani yake habari za Biblia ambazo wahusika wake ni Waafrika. John Muafangejo (1943–1987), mzaliwa wa Angola aliyekulia pia Namibia, alisoma hapo akachonga maisha yake, kanisa lake na vita vya eneo lake, huku akijaza maandishi ndani ya picha zenyewe, herufi moja moja, zote kinyume. Anayetaka kutengeneza sanaa kuhusu safari yake hana budi kusimama mbele ya mfano huo na kujiuliza kama mchoraji anayehitajika ni yeye.

*Kudumu.* Wino wa mafuta kwenye karatasi isiyo na asidi hudumu vizuri; wino wa maji huchafuka ukiguswa na tone. Lino yenyewe huzeeka, hukauka na kupasuka, kwa hiyo piga nakala zote unazozitaka ndani ya muda mfupi.

*Kuenea.* Nakala ishirini zote ni kazi halisi, kila moja ikiandikwa namba kwa penseli chini yake, kama 3/20. Mwenyeji anabaki na ya kwanza, nawe unaondoka na ya pili, na hakuna aliyepewa picha ya picha.

*Humfaa nani.* Anayependa kazi ya mikono na asiyehitaji rangi nyingi. Haimfai anayetaka kunasa uso wa mtu fulani kwa uhalisi, kwani lino hula vitu vidogo na kuacha umbo tu.

Kwa hali yako

Ukienda kwa wiki mbili na kundi lenye ratiba nzito, beba kamera na daftari dogo, lakini weka ahadi ya mchoro mmoja kila siku hata ukiwa wa kikombe cha chai, kwa sababu picha za kamera peke yake zitakukumbusha mlichofanya na kusahau mlivyokaa.

Kama umetumwa kwa mwaka au zaidi, anza na daftari na usiharakishe turubai. Miezi mitatu ya kwanza utachora vitu vinavyomshangaza mgeni, na baadaye utaanza kuchora vitu ambavyo wenyeji wenyewe wanaviona kuwa na maana. Hivyo vya pili ndivyo vinavyostahili rangi za mafuta.

Ikiwa umeshuhudia dhuluma, tumia kamera, kwa kushauriana na waliodhulumiwa kuhusu usalama wao, na uache urembo wa mpangilio pembeni.

Kama safari ilikwisha zamani na hukubeba kitu, turubai au lino bado zipo. Andika kwanza kila unachokikumbuka kuhusu mahali pamoja tu, kisha mpigie simu mtu mmoja wa huko umuulize ulichokosea.

Ikiwa lengo lako ni kuwashukuru waliokuchangia, chapa ndiyo njia ya kweli zaidi kuliko kadi iliyotolewa dukani, lakini idadi ya nakala iamuliwe baada ya wenyeji kuhesabiwa, si kabla.

Na kama unarudi mahali ulipokwisha kufika, ambako watu wanakujua kwa jina na wameshaziona kazi zako, beba vipatasi vitano badala ya kimoja, pamoja na lino ya kutosha, na siku ya kuondoka usivirudishe begini.